Chunusi wa Wacheki

Kibiti,
Ijumaa, baada ya swala.

Kwako dada Shamsia, Mtwara.

Shikamoo dada. Assalaam alaikum, wewe na nyumba nzima. Nimetanguliza kukuuliza hali kabla sijakwambia yangu, maana ukishaanza kuyasoma yangu utasahau kama ulikuwa mgonjwa. Hujambo lakini? Shemeji Abdulazizi goti lake linasemaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Watoto je, shule wanakwenda au wanapelekwa? Sisi huku tu wazima. Zena mke wangu anakusalimu, anasema kitambaa kimefika na gauni limeshonwa, limemkaa kila mahali isipokuwa mabegani, na kwamba mabega ni yake mwenyewe, wewe huna kosa. Mama ni mzima. Barua yenyewe ni juu ya mama, kwa hiyo tafuta mahali ukae.

Najua utauliza kwa nini naandika kama watu wa zamani na simu ninayo. Simu ninayo, lakini ujumbe wa sauti hapa Kibiti ni mkutano wa hadhara. Ukituma sauti, Zena anaisikia, jirani anaisikia kupitia dirisha la Zena, na kabla sijakujibu nimekwisha kupewa ushauri na muuza mihogo. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Mtwara, mtu asiyesoma hata tiketi zake mwenyewe. Siri imetulia.

Mwaka huu uliniagiza jambo moja tu. Mama atoke Mohoro kabla ya masika, aje akae kwangu, kwenye kile chumba ulichotusaidia kukiezeka. Ulisema hutaki kusikia tena kwamba mama amelala juu ya dungu na kuku wake, huku maji yanapita chini yake yakienda na sufuria. Nami sikukaa bure. Nilimwomba mtendaji wa kijiji aende. Akaenda na karatasi ya tahadhari ya mafuriko. Mama akamkaribisha, akampa wali na kambare, akamuuliza habari za mamake mzazi, na mtendaji akarudi ameshiba, karatasi imo mfukoni. Nikamtuma shangazi. Shangazi alikwenda kumshawishi mama ahame, akakaa huko hadi mpunga wa ndani ulipopungua, akarudi akasema kwa kweli Mohoro kuna hewa nzuri. Mwisho nikamwomba Sheikh Abubakary. Yeye alimweleza kwa upole kwamba eda iliisha zamani, na kwamba aliyekufa maji amekufa shahidi, yuko pema. Mama akaitikia amina kila mahali panapostahili. Kisha akasema lile lile analotwambia sisi.

"Nikihama, Maneno akirudi atanikuta wapi?"

Sheikh akamkumbusha kwamba mumewe, mzee Maneno, amefariki. Mama akajibu kwamba anajua amefariki, aliyekaa eda ni yeye, si sheikh. Hakusema hajafa. Alisema akirudi. Sheikh alinipigia simu njiani akaniambia amesoma vitabu vingi, lakini hilo hajalikuta.

Siku ile ya baba unaikumbuka mwenyewe. Alivuka kwenda shamba la ng'ambo. Mtumbwi ukapatikana umelala kifudifudi, kasia likapatikana, hata kofia yake ikapatikana imenasa kwenye matete. Mwenyewe hakupatikana, tukamsalia bila mwili. Wanaume wa Mohoro walisema ni mamba. Wanawake walisema ni chunusi, yule jini wa maji avutaye watu miguu. Mama alibaki tu kwenye nyumba ile ya ukingoni, mlango unatazama mto.

Sasa nakuja kwa Wacheki.

Wacheki ni watu wa nchi moja katikati ya Ulaya, haina bahari hata kipande. Hapa Kibiti wapo kidogo, ndio watu wa mradi wa nyuki wanaotundika mizinga kwenye mikoko ya delta, na mizinga yenyewe naitengeneza mimi. Siku ya kwanza Kondo, yule mwenye duka la kutoa kopi na kuchapisha, alipoambiwa kwamba wale ni Wacheki, akauliza tuwacheki wana nini. Mimi nimewasoma kwa muda mrefu kuliko Kondo, na nimegundua kwamba jina lao tumelikata mwishoni. Jina kamili ni Wacheki Hawacheki. Si kwamba wana hasira. Mzaha wanao, tena mwingi, lakini wanautoa kwa uso wa mtu anayetangaza msiba. Mmoja wao aliniambia jambo siku ya Jumatatu, nikalitafakari, nikacheka Alhamisi nikiwa peke yangu na randa mkononi.

Mwenye shughuli zao za sherehe ni mama mmoja, mtu mzima, anaitwa Ludmila. Wenyewe wanamfupisha Mila, nasi tukamwita Bi Mila, na jina likamkaa kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo, mila na desturi. Kila mwaka huwakusanya Wacheki waliotawanyika, wengine watoke Dar, wengine Morogoro, wavae nguo zao zenye mikono iliyofura kama maandazi, wale viazi vilivyokunwa na kukaangwa, wapige kodiani, kisha waonyeshe mchezo mmoja wa kwao. Kwa kawaida hufanya uani, lango limefungwa, wakitazamana wao kwa wao. Mwaka huu Bi Mila aliniambia wamekwisha kutazamana vya kutosha. Alitaka na wengine watazame. Tena alitaka kando ya mto, Mohoro, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa mto.

Akanionyesha picha. Mwanamume wa kijani, kofia kichwani, kiko mdomoni, amekaa juu ya gogo, na pindo la koti lake linadondosha maji daima hata jua likiwaka. Kwao anaitwa vodniki. Anawavuta watu majini, na roho zao anazifungia ndani ya vikombe vyenye vifuniko, kila roho na kikombe chake, amevipanga kama mwanamke anavyopanga vyombo kabatini. Mwisho wa mchezo msichana mmoja anafunua vifuniko na roho zinakwenda zao. Nikamwambia Bi Mila huyu tunaye. Alisisimka sana, nilijua kwa sababu unyusi mmoja ulipanda. Akataka jina lake kwa Kiswahili ili atangaze. Nikamwambia ni chunusi.

Hapo ndipo nilipokosea, dada, ingawa sikukosea.

Kondo aliletewa neno hilo pamoja na picha achapishe tangazo. Wino wa rangi ulikuwa umekwisha, picha akaiacha. Akalitazama tangazo akaona limepwaya. Kondo anaamini kwamba tangazo lisilo na mtaalamu halisomwi. Kwa hiyo kuanzia Kibiti mpaka Mohoro, kwenye kila nguzo na kila mlango wa duka, pakabandikwa: CHUNUSI. JUMAMOSI HII, MOHORO, UWANJANI KANDO YA MTO. WATAALAMU KUTOKA ULAYA. BURE. WOTE MNAKARIBISHWA.

Lugha yetu unaijua. Chunusi ni yule wa mtoni, na chunusi ni hivi vipele vya usoni. Watu wakagawanyika kwa shida zao. Wenye nyuso laini walielewa kwamba Wazungu wanakuja kumtoa jini majini. Wenye vipele walielewa kwamba wanakuja kutolewa vipele. Wasichana wa sekondari walianza kuulizana kama uso uoshwe kwanza au uende hivyo hivyo mtaalamu auone. Kijana mmoja wa Umwe aliyekuwa aoe Ijumaa aliomba harusi isogezwe hadi Jumapili. Wavuvi nao wakaniletea ombi rasmi, kwamba jini akishatolewa asiachiwe upande wa Utete, maana wana ndugu huko na lawama zitarudi.

Sheikh Abubakary akanifuata karakana. Aliuliza ni chunusi yupi kati ya wale wawili. Nikamwambia hakuna hata mmoja, ni mchezo tu, na kwa Wacheki chunusi ni hadithi ya kuwalaza watoto. Sheikh akauliza, kama hicho ndicho cha watoto, watu wazima huko wanaogopa nini. Nikamwambia sijui, labda baridi. Akaruhusu kwa masharti. Shughuli iishe kabla ya magharibi, nguruwe asiwepo, bia isiwepo.

Bi Mila aliyakubali yote bila kupepesa. Mumewe ndiye vodniki wao wa miaka yote, anaitwa Zdeněk, jina ambalo Kibiti nzima ililishindwa ikaishia kumwita Bwana Zedi. Bwana Zedi alikubali la magharibi, akakubali la nguruwe kwa uchungu. Nilipofika kwenye la bia akaniuliza kama nimetafsiri sawasawa. Jioni ile mgongo ukamkaza. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano, mimi si daktari. Nasema tu kwamba hakuinuka kitandani hadi Jumapili, na Jumapili aliinuka vizuri sana.

Basi akatakiwa chunusi mwingine. Maneno yote ya mchezo nilikuwa nimeyatia katika Kiswahili mimi, nayajua kwa moyo, na hapakuwa na mtu mwingine. Bi Mila alinitazama juu mpaka chini akasema nina uso unaofaa. Sikuuliza unafaa vipi.

Mama sikumwambia. Mtu unamwambiaje mama yako kwamba Jumamosi unakwenda kuwa yule aliyemla mumewe? Nilipanga kuingia Mohoro nikiwa na rangi usoni na kutoka nikiwa nayo. Ila vikombe vya Wacheki, vile vyeupe vya mauavaua, vilivunjika vyote kwenye ile barabara ya kuingia Mohoro, unayoijua. Ikabidi kuazima vyungu vidogo na kawa za kufunikia kwa kina mama wa kijiji. Mimi nilikwepa upande wa mama. Bi Mila hakwepi mtu, alipita nyumba kwa nyumba, na mama akampa kile chungu chake cheusi cha mchuzi, chenye mdomo uliomeguka. Akamuuliza ni cha kazi gani. Kiswahili cha Bi Mila ni cha nyuki na sokoni. Akajibu, "Chunusi weka mtu ndani." Mama akamwambia haya, lakini nitakuja mwenyewe kukiangalia chungu changu.

Mama, ambaye tangu msiba hajakanyaga shughuli yoyote ya uwanjani.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wenye vipele walikaa upande wa kivuli kulinda ngozi, waliokuja kwa ajili ya jini wakakaa upande wenye njia ya kukimbilia. Mama alikaa mbele kabisa juu ya kigoda alichokuja nacho. Kodiani ikaanza. Mzee mmoja Mcheki wa Morogoro ndiye aliyeipiga, kwa kasi ambayo vijana walisema hii ni singeli ya wazee. Wacheki wakazunguka wawili wawili, wanaume wamewashika wanawake viuno mbele ya sheikh mzima, lakini nyuso zao zilikuwa kavu kiasi kwamba sheikh alimnong'oneza jirani yake huenda ni adhabu.

Kisha nikatoka mimi. Usoni na masikioni nimepakwa unga wa muhogo uliochanganywa na rangi ya kijani ya keki. Ndani ya pindo la koti Bwana Zedi alikwisha kushona chupa ya maji yenye tundu dogo, ndilo dondosho lenyewe. Ila Bwana Zedi ni mtu mrefu, na koti lilishonwa kwa urefu wake. Lilipopunguzwa kwa pini linienee mimi, chupa ikaja kukaa mahali pabaya. Nilipopanda juu ya gogo maji yakaanza kunitiririka katikati ya miguu. Wakwe zangu walikuwa mstari wa pili. Mtu akasema kwa sauti ya kusikitika, "Jini kaogopa." Upande wa kivuli walikuwa wananyoosha shingo kuusoma uso wangu, na msichana mmoja akamwambia mwenzake kwamba kama hiyo ndiyo dawa, yeye anabaki na vyake.

Tukacheza. Bi Mila, bibi wa watu mwenye wajukuu, ndiye aliyekuwa msichana, na shada la maua kichwani. Akaja kufua, nikamvuta, akaangukia nyuma ya vitenge vya buluu tulivyotundika viwe mto. Nikavipanga vyungu vyangu juu ya meza, nikaanza kujisifu kama mchezo unavyotaka. Humu nimemweka mvuvi. Humu nimemweka mfua nguo. Nikafika kwenye chungu cheusi.

"Hicho chungu ni changu," mama akasema.

Nikamjibu kwa sauti nene ya chunusi kwamba najua, Bi, kitarudishwa. Uwanja ukacheka.

"Sijakuuliza kurudishwa. Nasema ni changu. Kwa hiyo uliyemweka humo ni wangu."

Kicheko kikakatika. Hakuna mtu Mohoro asiyejua anamsema nani. Hata mwenye kodiani, asiyejua Kiswahili, aliibana kodiani yake kwa mikono miwili isitoe hewa.

Dada, nitakwambia kilichonipita kichwani, usinihukumu. Niliona kwamba mkononi nina kitu ambacho mtendaji hakuwa nacho, wala sheikh. Ningesema kwa sauti ile ile nene: Biasha, mumeo anasema uhame. Sentensi moja tu, na agizo lako limetimia. Ilipanda mpaka kwenye meno. Lakini mama alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama chungu, vile alivyokuwa akimtazama baba akichelewa kujibu. Nikashindwa. Nikasema tu, "Ni wako, Bi."

Mama akaweka sawa kanga yake kichwani kama mtu anayeingia ofisini.

"Basi mwambie," akasema. "Mwambie masika haya hayanikuti hapa. Nyumba imechoka na mimi nimechoka. Nahamia Kibiti kwa Shaabani. Akija asisimame hapo akapiga hodi kwa mtu asiyekuwepo."

Halafu akaanza kutoa maelekezo. Ashuke stendi. Avuke barabara kubwa, aangalie malori, maana hakuyazoea. Aupite msikiti mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hapo akate kushoto, aulize kwa fundi mizinga.

Nyumba yangu iko kulia, dada. Ukikata kushoto kwenye mashine ya kukoboa unatokea machinjioni. Mama amekuja kwangu mara chache, na kila mara kwa nyuma, akitokea sokoni. Nikafungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Chunusi wa Mohoro angeijuaje mitaa ya Kibiti?

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia. Stendi, barabara, malori, msikiti, mashine, kushoto. Mzee mmoja nyuma akadakia kwamba nimemsahau fundi mizinga. Nikamtaja fundi mizinga. Mwingine akasema si bora apewe namba ya simu, mkewe akamkanyaga mguu. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya. Mfunulie."

Nikainua kawa. Katika mpango wetu kila roho ni utepe wa kitambaa cheupe uliofungwa uzi mwembamba, na Bi Mila anauvuta akiwa nyuma ya vitenge. Chungu cha mama kilikuwa kiwe cha mwisho, mwisho wenyewe ulikuwa bado, kwa hiyo nilipofunua hapakutoka kitu. Nikasimama na kawa mkononi, maji yakinitiririka, watu wote wanatazama mdomo wa chungu. Bi Mila alikuwa anachungulia kwenye upenyo. Hakujua mashine ya kukoboa ni nini, wala baba yetu alikuwa nani. Lakini utepe ukatoka. Ulipanda polepole, upepo wa mtoni ukaudaka, uzi ukakatika, nao ukaenda zake juu ya maji mpaka ukapotea upande wa ng'ambo.

Uwanja mzima ukasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, wenye vipele na wasio na vipele. Nikamtazama Bi Mila. Shada limemkalia upande, na machozi yanamchirizika bila yeye kuyafuta, uso umekauka vile vile. Kwa hiyo ile habari yangu ya Wacheki niirekebishe: hawacheki, lakini kulia wanalia.

Mchezo haukuisha. Msichana hakuokolewa na mtu, alitoka mwenyewe nyuma ya vitenge akaanza kukusanya vyungu, na watu wakarudi makwao kabla ya magharibi kama sheikh alivyotaka. Waliobaki ni wale wa upande wa kivuli, wanamtaka mtaalamu. Bi Mila hakuelewa wanataka nini. Aliona watu wanaonyesha nyuso zao na kungoja, akadhani wana njaa, akawagawia asali ya mikoko iliyokuja kwa maonyesho. Wakajipaka papo hapo. Yule bwana harusi wa Umwe alioa Jumapili akiwa anang'aa, nzi wakiwa mashahidi. Sasa kila siku watu wanabisha hodi mradini kuulizia dawa ya chunusi, na Wacheki wanaiuza kwa nyuso zao zile zile.

Jumatatu mama alihama. Kirikuu cha mradi kilibeba kitanda, kuku, kinu na mchi, magunia ya mpunga, na mlango. Ndiyo, mlango wa mbele. Alisema ng'oeni na huo, ukibaki mtu atadhani tupo. Tulipokuwa kwenye daraja, mto uko chini yetu, akaniambia bila kunigeukia.

"Sauti uliibadilisha. Miguu hukuibadilisha."

Masikio yangu yalikuwa bado ya kijani, sikuwa na utetezi. Nilimuuliza, kama alijua ni mimi, kwa nini akaniambia yale yote mbele ya watu.

"Sikukwambia wewe," akasema. "Miaka yote hii ningesimama mtoni nikaongea, watu wangesema Biasha karukwa na akili. Siku ile uwanja mzima ulikuwa umekubali kwamba msikilizaji yupo."

Tukaingia Kibiti. Tulipita stendi, tukavuka, tukapita msikiti. Kwenye mashine ya kukoboa dereva akakata kulia. Mama aligeuza shingo akatazama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Akauliza mbona huku. Nikamwambia ndiyo njia, mama. Alishuka, akapanga vitu vyake chumbani, akala kidogo sana, akalala amegeukia ukuta.

Sasa hili linalofuata lisome peke yako, na shemeji usimsomee.

Asubuhi yake mama aliniita uani. Akasema, "Shaabani, kinu changu kimebaki Mohoro. Kakifuate."

Nikakitazama kinu. Kilikuwa mbele yetu. Nilikishusha mwenyewe na kiuno changu kilikuwa bado kinalalamika, na mama ameshika mchi mkononi. Nikamwambia mama, kinu hicho hapo.

"Kakifuate, mwanangu."

Unanijua mimi, dada. Mimi ni mtu niliyejisomesha kwa magazeti ya kufungia samaki, na mambo ya majini siyaamini. Chunusi nimewahi kuwa mwenyewe, najua ndani yake kuna nini, kuna chupa inayovuja. Nikachukua bodaboda nikaenda Mohoro. Nyumba imebaki tundu. Nikateremka mpaka ukingoni. Kulikuwa na mwanamke anafua kule chini. Aliponiona akanipa mgongo, nadhani kwa makusudi. Nikavua kofia.

Nilisema, "Baba, shikamoo. Ni kulia. Kwenye mashine ya kukoboa unakata kulia, siyo kushoto. Mama alikosea, na mimi pale sikuweza kumsahihisha."

Nikaona nimetoka mbali kwa maneno machache hivyo. Nikamweleza na habari zako, kwamba uko Mtwara na umeolewa na mtu mwema, nikawataja wajukuu asiowaona, mmoja mmoja kwa jina. Nikamwambia mpunga wa mwaka huu ulivyokuwa. Nilikaa kuliko nilivyokusudia, mpaka yule wa bodaboda akapiga honi.

Niliporudi mama alikuwa anatwanga kwenye kinu kile kile. Hakuusimamisha mchi.

"Umekikuta?"

Nikamwambia nimekikuta, mama.

"Kizima?"

Kizima.

Akapiga mchi mara nyingine, akamwambia Zena alete ungo.

Dada, nimalizie hapa, basi halisubiri mtu na kondakta ameshanipungia mkono. Agizo lako limetimia. Lilivyotimia ndivyo hivyo, usiniulize zaidi kwenye simu. Zena anakusalimu mara ya pili. Kuku wote wamefika, hawajaafiki bado. Bi Mila anakusalimu ingawa hakujui, na anamtaka mama mwaka ujao acheze naye. Mama hajakubali, ameuliza tu kama atakuwa na maneno mengi. Tubusie watoto, mpe shemeji mkono wa heshima, na Mungu akupe usingizi mwororo usiku mvua itakapoanza, maana safari hii hutakuwa na wa kumuwaza.

Ni mimi mdogo wako,
Shaabani Maneno,
fundi mizinga, Kibiti.